Seymour Cray, fundi aliyeshindana na joto



Kila nikiteremka Mombasa huulizwa mtu wa pwani anafanya nini Meru miaka yote hii. Jibu langu ni fupi: riziki. Lakini riziki ni mambo ya mchana. Usiku, hasa Juni na Julai baridi ya mlima inaposhuka, mimi na wenzangu wachache wa Meru na Embu tuna shughuli nyingine isiyo na malipo. Twachukua kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi, mashule na saiba, twachomoa prosesa zake, kisha twazikimbiza kupita kasi iliyoandikwa na kiwanda. Tukimaliza twapima, twaandika daftarini, twabishana. Mke wangu auita mchezo wa watu wasio na watoto, ilhali anao watatu.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Ndani ya kompyuta mna saa, si ya kuonyesha wakati bali ya kupiga mapigo kama chapuo, na prosesa hufanya kazi yake kwa kufuata mapigo hayo. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, ya megahezi 300. Kasi yake yatokana na saa ya ubao mkuu, megahezi 66, ikizidishwa mara 4 na nusu. Ubao ukiweza kupiga 100 badala ya 66, prosesa ile ile ya maskini yafika 450, sawa na kasi ya prosesa ya matajiri ya mwaka huo huo. Kubadilisha ni kazi ya dakika moja. Kinachozuia ni joto. Prosesa ikiharakishwa hupata moto, na ukiiongezea volti ili isiyumbe, joto hupanda kwa mraba wa ile volti. Ikizidiwa huganda, au, na hili ndilo baya zaidi, huendelea kufanya kazi huku ikitoa majibu ya uongo.

Ndiyo maana mlima watufaa. Mombasa mwezi wa Februari, hata usiku wa manane chumba kina joto la mchana. Huku Meru Julai wafungua dirisha tu. Ila kuna hesabu ya pili: hewa ya huku juu, kiasi cha mita 1,500 hapa Meru na zaidi ya 1,300 pale Embu, ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hivyo kila mzunguko wa feni wabeba joto kidogo zaidi. Baridi yakupa, wepesi wa hewa wakunyang'anya sehemu yake. Hilo tumelibishania ndani ya matatu toka Nkubu hadi Runyenjes, abiria wengine wakitutazama kama wagonjwa.

Katika mabishano hayo kuna marehemu mmoja ambaye hatukosi kumtaja. Wengi hapa pwani hawajamsikia, na vijana wanaosomea kompyuta hawafundishwi habari zake zaidi ya mstari mmoja. Leo nataka kumweleza, kwa sababu kila tunachokifanya sisi kwa prosesa za jaani, yeye alikifanya maisha yake yote kwa mashine za mamilioni ya dola, na mwisho wake wanifanya nifikiri kila nikishika bisibisi.

Jina lake Seymour Cray. Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Ni mji wa mto na baridi kali. Babake alikuwa mhandisi wa ujenzi, na alipoona mtoto anapenda kuchezea nyaya alimwachia chumba cha chini ya nyumba awe na karakana yake. Bado mdogo, kwa vyuma vya kuchezea vya watoto, alitengeneza kifaa kilichosoma mashimo kwenye utepe wa karatasi na kuyageuza kuwa alama za Morse. Nawajua watoto wa aina hiyo, kila mtaa unaye mmoja, ni yule anayefungua redio ya bibi yake. Tofauti ni kama kuna mzee wa kumpa chumba au kuna mzee wa kumpa bakora.

Alimaliza shule ya upili 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, akaingizwa jeshini kama mtu wa redio. Alipelekwa Ulaya, kisha Ufilipino, ambako kazi ilikuwa kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Aliporudi alisoma Chuo Kikuu cha Minnesota, akapata shahada ya uhandisi wa umeme na baadaye, 1951, ya pili katika hisabati. Akaingia kazini kwenye kampuni ndogo mjini Saint Paul, iliyokuwa ndani ya jengo la kiwanda cha zamani cha ndege zisizo na injini. Kampuni hiyo, ERA, ilianzishwa na watu waliotoka katika kazi ya siri za jeshi la wanamaji, na ilikuwa kati ya za mwanzo kabisa kuunda kompyuta. Hapo ndipo alipojifunza, na haikuchukua muda kabla ya wakubwa wake kuanza kumuuliza yeye.

ERA ilinunuliwa na kampuni kubwa, ile kubwa ikaungana na nyingine, na kama kawaida mikutano ikawa mingi kuliko kazi. Mwaka 1957 baadhi ya wenzake, wakiongozwa na William Norris, walitoka na kuanzisha kampuni iitwayo Control Data. Cray aliwafuata. Hawakuwa na pesa. Inasimuliwa kwamba alinunua transista za bei ya chini kabisa, zile zilizokataliwa kwa kuwa hazikufikia kipimo, akachora saketi zinazovumilia udhaifu wake. Mashine iliyotokana na juhudi hizo, CDC 1604, ilifika kwa mteja wa kwanza, jeshi la wanamaji, mwaka 1960, na ilikuwa kati ya za haraka zaidi duniani. Sisi tunaokimbiza Celeron ya maskini hadi 450 twamwona huyo ni babu yetu wa moja kwa moja.

Tatizo lake lilikuwa mikutano. Hakuipenda, na kampuni ilivyokua ndivyo wageni, wahasibu na wauzaji walivyozidi kumpitia. Mwaka 1962 alimwomba Norris amjengee maabara kwao Chippewa Falls, karibu na nyumba yake mwenyewe, mbali na makao makuu. Akapewa. Hapo, na kundi dogo la watu, akisaidiwa hasa na James Thornton, alikamilisha CDC 6600.

Hapa lazima nitulie kidogo, kwani hapa ndipo joto linapoingia. Mashine hiyo ilikuwa na transista kiasi cha 400,000 na saa ya megahezi 10. Leo simu ya mkulima wa Nkubu ina saa ya mara mia na zaidi ya hiyo, lakini mwaka 1964 ilikuwa ajabu. Cray alielewa jambo ambalo wengine walilichukulia kuwa dogo: umeme una mwendo wake. Mwanga husafiri sentimita 30 hivi kwa nanosekunde moja, yaani kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na ishara ndani ya waya huenda polepole zaidi ya hapo. Ukitaka saa ipige haraka, lazima waya ziwe fupi. Ukitaka waya fupi, lazima vitu visongamane. Vikisongamana, vinachomana. Kwa hivyo mtu anayetaka kasi ni lazima kwanza awe fundi wa friji.

Naye alimpata fundi wa friji, mhandisi aitwaye Dean Roush, aliyepitisha gesi ya Freon kwenye mabomba ndani ya makabati ya mashine ili kuondoa joto. Feni tupu zisingetosha. 6600 ilitoka ikiwa na kasi kama mara 3 ya ile iliyokuwa mbele yake, IBM 7030. Agosti 1963, ilipotangazwa tu, mkuu wa IBM, Thomas Watson Mdogo, aliwaandikia wakubwa wenzake waraka wa uchungu akitaka kujua imekuwaje kampuni kubwa kama yao ipitwe na maabara ya watu 34, akimhesabu na mfagiaji.

Lakini pia katika mashine hiyo alifanya jambo ambalo sisi wa Meru twalijadili hadi leo. Hakuwekea kumbukumbu yake kikaguzi cha makosa, ile hesabu ndogo inayohakikisha kuwa kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Aliona ni mzigo, chapunguza kasi. Katika mashine iliyofuata, CDC 7600 ya mwaka 1969, alikiweka. Na alifanya vyema. Miaka baadaye, 1976, mashine yake nyingine ilipokuwa kwenye majaribio Los Alamos, mji ulio juu ya mita 2,200, kumbukumbu yake ilionyesha makosa 152 katika miezi 6. Wataalamu walioyachunguza baadaye walisema chanzo ni chembechembe zitokazo angani, ambazo huwa nyingi zaidi kadiri unavyopanda juu. Alhamdulillahi sisi hatuko juu kiasi hicho, ila nasi tumeweka sharti letu: prosesa haiandikwi daftarini kwa kukimbia tu, lazima ikokotoe tarakimu milioni 1 za pai na jibu liwe sahihi hadi mwisho. Kuna kijana wa Embu alifika kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kati yetu, jibu likatoka na kosa. Hatukumwandika, na hadi leo hatusalimii vizuri.

Turudi kwa Cray. Baada ya 7600 alianza 8600, mashine ya prosesa nne ndani ya moja, vipande vimesongamana kama dagaa kwenye kopo. Ikamshinda. Joto lilikuwa kubwa, vipande vingi mno, na kimoja kikifa chote chafa. Aliona afadhali aanze upya toka karatasi tupu. Control Data nayo ilikuwa na dhiki ya pesa na Norris hakuweza kumlipia mashine mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 1972 waliachana kwa wema, na Cray akafungua kampuni ya jina lake, Cray Research, pale pale Chippewa Falls.

Miaka minne baadaye ikatoka Cray-1, na hii ndiyo picha ambayo huenda mmewahi kuiona bila kujua ni nini: mnara wa kimo cha kama mita 2, umbo la herufi C, na chini yake kochi la duara kama baraza ya nyumba za Lamu. Baraza hilo halikuwa la mapambo, ndani yake mlikuwa na vifaa vya umeme. Wala herufi C haikuwa pambo. Vibao vilisimama kwa duara ili nyaya zipite katikati, na hakuna waya uliozidi kiasi cha mita 1.2. Saa yake ilikuwa megahezi 80. Ilikula umeme kilowati 115 hivi, ambazo ni sawa na birika za umeme zaidi ya 50 zikichemka kwa pamoja usiku na mchana, na joto lote hilo lilichukuliwa na Freon ikipita kwenye nguzo za alumini. Toleo la kwanza lilichelewa kwa sababu ya friji hiyo hiyo: mafuta ya kulainisha kompresa yalipenya kwenye maungio yakavifunika vibao hadi vikapiga shoti. Ilibidi wajifunze kuchomelea upya. Mwenye friji ya duka pale Marikiti ataelewa mambo haya kuliko profesa.

Ile ya kwanza ilikwenda Los Alamos 1976. Ya kituo cha utafiti wa hali ya hewa cha NCAR, Boulder, iliuzwa kwa dola milioni 8.86. Na ilipofika 1979, wataalamu wa hisabati walipotoa kitabu cha programu zao ziitwazo Linpack, waliambatisha jedwali dogo la kompyuta 23 na muda ambao kila moja ilitumia kutatua fumbo lile lile la milinganyo. Juu kabisa ilikuwa Cray-1 ya NCAR. Jedwali hilo ndilo mzazi wa orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu duniani inayotolewa hadi sasa, na ndilo mzazi wa daftari letu pia. Kabla ya hapo kila muuzaji alisifu chake, kama wauza mahamri: hakuna anayesema yake yamelala.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wapenzi wa Cray hulipita haraka. Wateja wake wa mwanzo walikuwa nani? Los Alamos na Livermore, mahali ambapo Marekani hubuni mabomu ya nyuklia. Kasi ile yote, waya zile fupi, baridi ile, kwa sehemu kubwa ililipwa na watu waliotaka kujua bomu litalipuka vipi bila kulilipua. Sioni sababu ya kulificha. Mtu anaweza kuwa bingwa wa ufundi na ufundi wake ukawa mkononi mwa wenye nia nyingine, na Cray, kwa ninavyomsoma, alishughulika na mashine, hakujishughulisha sana na kitakachokokotolewa ndani yake. Mimi hilo silihesabu kuwa sifa.

Ila mizani ina pande mbili. Mwaka 1978 Cray-1 nyingine ilifungwa Reading, Uingereza, kwenye kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, na tarehe 1 Agosti 1979 kituo hicho kilianza kutoa utabiri ulioweza kutazama siku kadhaa mbele. Hesabu za upepo na bahari ni nyingi mno, ukizifanya polepole mvua itakuwa imeshanyesha. Leo nahodha wa Kizingitini anayeangalia simu kujua kusi itavuma vipi kabla ya kutoa dau, au mkulima wa miraa huku Igembe anayengoja mvua, ananufaika na kazi iliyoanzia kwenye minara kama hiyo.

Cray mwenyewe alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Hakupenda kupigwa picha wala kuhojiwa. Chini ya nyumba yake alichimba handaki kwa mkono, akalijengea kwa mbao, na alipokwama kwenye fumbo la mashine alikwenda kuchimba. Alikuwa akiwatania watu kwamba akiwa shimoni wageni wadogo wa msituni huingia ofisini mwake na kumwachia majibu. Wazungu walicheka. Huku kwetu wazee wangemwambia aache mzaha, majini hayachezewi, na asome ayatul kursi kabla ya kushika koleo.

Cray-2 ilitoka 1985. Safari hii Freon kwenye mabomba haikutosha, akazamisha vibao vyote ndani ya kioevu kisichopitisha umeme kiitwacho Fluorinert. Ungesimama mbele ya kioo ukaona kompyuta imekaa ndani ya maji kama samaki. Saa ilikuwa megahezi 244. Kijana mwingine wa Embu alijaribu kumwiga kwa ndoo ya mafuta ya kupikia, ubao mzima umezama, na kusema kweli ilipoa vizuri. Ila mafuta ya kupikia huvunda, na baada ya wiki chache nyumba ikanuka kama duka la bajia lililofungwa na funguo zikapotea.

Kwa wakati huo Cray hakuwa peke yake katika kampuni yake. Kundi jingine, likiongozwa na Steve Chen, lilikuwa limetoa Cray X-MP tangu 1982, prosesa zaidi ya moja zikifanya kazi pamoja, na iliuzika vizuri. Mwaka 1986 kampuni ya Apple ilinunua moja ya kusaidia kubuni mashine zake, ilhali Cray mwenyewe alikuwa akitumia kompyuta ndogo ya Apple kuchora yake.

Kisha ikaja sehemu inayoniuma. Cray aliamua kwamba Cray-3 haitatumia silikoni kama dunia nzima, itatumia galiamu asenaidi, madini yanayopitisha ishara kwa haraka zaidi lakini ghali na magumu kutengeneza, huvunjika kama papai kavu. Kampuni haikuweza kugharamia mradi huo pamoja na ule wa pili. Mwaka 1989 akatoka tena, na kufungua Cray Computer Corporation huko Colorado Springs. Alikuwa na miaka 64. Alifika karibu megahezi 500, kasi kubwa sana kwa wakati ule. Mashine moja ilifungwa NCAR mwaka 1993. Moja tu. Vita baridi vilikuwa vimekwisha, wenye mabomu walikuwa wamepunguziwa pesa, na wengine wote walikuwa wameanza kutazama kwingine: badala ya prosesa moja yenye kasi ya kutisha, maelfu ya prosesa za kawaida zikigawana kazi. Machi 1995 kampuni ilitangaza kufilisika, na Cray-4, iliyolenga megahezi 1,000, ikafia mezani.

Wenzangu hugawanyika hapa. Wako wanaosema alikuwa mkaidi, alikataa kuona kwamba ng'ombe wengi wadogo watavuta mkokoteni kuliko fahali mmoja. Mimi nasema fizikia yake ilikuwa sawa, hesabu ya pesa ndiyo iliyomshinda. Na angalia kilichotokea baadaye: mwaka 2004 Intel yenyewe, na utajiri wake wote, ilifuta mpango wa kuuza Pentium 4 ya megahezi 4,000 na kuanza kuweka prosesa mbili, nne, nane ndani ya chipu moja. Aliyewazuia ni adui yule yule wa Cray, joto. Ndiyo maana simu yako ina viini vinane lakini saa yake haijapanda kwa kiasi kile kilichopanda miaka ya 1990. Yeye aligonga ukuta mapema kwa sababu alikuwa mbele.

Tena hakukaa kulia. Mwaka 1996, akiwa na miaka 70, alianzisha kampuni nyingine, SRC, na safari hii aliyekataa muda wote prosesa nyingi ndogo aliketi kuchora mashine ya prosesa nyingi. Karatasi tupu kwa mara nyingine. Tarehe 22 Septemba mwaka huo, kwenye barabara kuu karibu na Colorado Springs, gari lake liligongwa na kupinduka. Alifariki tarehe 5 Oktoba, wiki moja tu baada ya kutimiza miaka 71.

Desemba mwaka huo huo, miezi 2 baada ya kuzikwa, mashine iliyotengenezwa na Intel kwa ajili ya maabara ya Sandia, jina lake ASCI Red, ilipita hesabu trilioni 1 kwa sekunde, ya kwanza duniani kufika hapo. Ndani yake hamkuwa na galiamu wala kioevu cha ajabu. Mlikuwa na prosesa zaidi ya 7,000 za Pentium Pro, za megahezi 200 kila moja, zilizopozwa kwa hewa, aina ile ile iliyokuwa ikiuzwa kwenye kompyuta za ofisini.

Pentium Pro hiyo ndiyo twaitafuta sasa kwa hamu hapa Meru na Embu, tuone kama itafika 233 kwenye baridi ya Julai. Hatujaipata. Ina dhahabu juu na kwenye miguu yake, kwa hivyo wauza vyuma chakavu huiyeyusha kabla haijapanda mlima. Lakini mitumba yote hii hupita Kilindini kwanza, na najua kuna mastoo Mombasa yenye kompyuta zilizofunikwa na vumbi tangu miaka hiyo. Ukiona prosesa kubwa ya mstatili, ya kauri, yenye bamba la rangi ya dhahabu mgongoni, usimpe mwenye mizani. Niandikie kupitia ukurasa huu, nauli ya basi ni juu yangu.